Wiki sita za upasuaji bila thieta: nifanye nini nyumbani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Darasa letu ni kubwa kuliko hospitali inavyoweza kubeba, kwa hiyo chuo kimetugawa makundi. Kundi letu tunasoma upasuaji kwa mtandao tukiwa nyumbani wiki sita, halafu ndipo tunakwenda wodini na thieta wiki sita nyingine. Niko Sumbawanga, nina simu na bando la kubana. Wenzetu wa kundi la kwanza tayari wanashika vifaa, sisi tunatazama slaidi. Je, kweli upasuaji unasomeka kwa mbali? Nitafika thieta nikiwa nimeshaachwa? Na zaidi ya kusoma noti, nifanye nini huku?

JIBU: Marahaba, daktari. Nakuita daktari mapema kwa sababu ndivyo tunavyowaita wanafunzi wodini, na kwa sababu swali lako ni la mtu aliyekwisha kuanza kuubeba mzigo.

Sehemu kubwa ya upasuaji unaopaswa kujulikana na mwanafunzi wa shahada ya kwanza inasomeka kwa mbali, kubwa kuliko wengi wetu tunaoshika visu tunavyopenda kukiri. Ipo sehemu nyingine haisomeki kwa mbali hata ukipewa intaneti ya bure mwaka mzima. Hutaachwa na wenzako iwapo kila wiki atakuwepo mtu mmoja anayeiona mikono yako ikifanya kazi na kukusikia ukifikiri. Asipokuwepo mtu huyo utaachwa, hata kama ungelala mita hamsini kutoka thieta. Nimewaona wanafunzi waliokaa hospitalini wiki nane, kila siku wamesimama juu ya kistuli nyuma ya watu wanne, wakitazama mabega. Walikuwa mbali na mgonjwa kuliko wewe uliyeko Sumbawanga, na hakuna aliyewaambia hivyo.

Kwanza tuelewane unatakiwa kujua nini, maana hofu yako nyingi inatoka hapo. Hakuna anayetarajia umalize wiki kumi na mbili ukiwa unakata utumbo. Tunataka umtambue mgonjwa anayehitaji kupasuliwa leo na umtenge na yule anayeweza kungoja Jumatatu. Tunataka umwandae, umweleze yeye na ndugu zake, usaidie mezani bila kuchafua eneo lililotakaswa, ushone jeraha la kawaida, na umfuatilie baada ya hapo ili homa ya siku ya tano isikupite. Hesabu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yanafanywa na kichwa, macho na mdomo kabla mkono haujagusa kitu.

Nayasema haya kwa sababu niliyaona mwaka 2020. Serikali ilifunga shule na vyuo katikati ya Machi kwa ajili ya korona, na vyuo vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika ile miezi miwili na nusu niliendelea na wanafunzi ishirini na watatu kwa WhatsApp, bila mpango wowote rasmi, kwa vile tu tulikuwa tumeachia mada njiani. Waliporudi wodini nilishangazwa na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, walijieleza vizuri kuliko kundi lolote nililowahi kuwa nalo: ukimuuliza mmoja wao kwa nini mgonjwa huyu anatapika nyongo, alikupa sababu tatu na namna ya kuzitenganisha. La pili, nilimpa mmoja wao, msichana aliyekuwa anaongoza kwa majibu, afunge uzi wa mwisho kwenye ngozi, na fundo likateleza mbele ya macho yetu. Alikuwa ametazama video nyingi za kufunga fundo. Hakuna aliyekuwa amemtazama yeye akifunga, na kosa hilo lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nimewaomba maneno tu kwa wiki kumi.

Tangu hapo, kila mwanafunzi ninayemfundisha kwa mbali ananitumia video ya mikono yake. Nitarudi hapo.

Kufundisha upasuaji kwa mbali si jambo la juzi. Mwaka 1965 daktari Michael DeBakey alifanya upasuaji wa moyo Houston, Marekani, na madaktari waliokuwa Geneva wakautazama ukiendelea kupitia setilaiti ya Early Bird. Mwaka 2001 Jacques Marescaux alikaa New York akaongoza roboti iliyotoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Taasisi yake ya IRCAD ilianzisha tovuti ya mafunzo, WebSurg, ambako video za upasuaji hutazamwa bila malipo, na mwaka 2023 ilifungua kituo Kigali. Huku kwetu kipo COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao makuu Arusha, ambacho wenyewe wanakiita chuo kisicho na kuta. Wanaosomea ubingwa humo wamekuwa wakitumia masomo ya mtandaoni yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na chuo cha madaktari wa upasuaji wa Ireland, na kila operesheni wanayofanya wanaiandika kwenye daftari la kielektroniki.

Lakini tofauti yao na wewe ni kubwa. Wale wako hospitalini mchana kutwa, mikono imo ndani ya wagonjwa, na mtandao unawaongezea kile ambacho daktari wao mmoja hana muda wa kukisema. Kwako wewe mtandao unatangulia. Mtu akikuambia "mbona wenzenu wa COSECSA wanasoma hivyo hivyo", mweleze tofauti hiyo.

Na sababu ya kubanana kwenu unaijua. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 iliwakuta madaktari bingwa wa upasuaji 1,690 katika ukanda wote wa COSECSA, yaani wastani wa 0.53 kwa kila watu 100,000. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2015 ilitaka nchi ifikie angalau 20 kwa kila 100,000, ikiwajumlisha madaktari wa upasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Walimu ni haba, na hawataongezeka kabla ya mtihani wako.

Sasa macho. Kutazama video ya operesheni kama unavyotazama tamthilia ni kupoteza bando. Kabla ya kubonyeza, chukua karatasi uandike hatua unazozijua, hata kama ni tatu. Cheza mpaka kisu kigusane na ngozi, simamisha, useme kwa sauti: chini ya hapa kuna nini, na damu ikitoka itatoka wapi? Endelea. Kila anaposhika kitu kipya, simamisha ukitaje jina kabla msimuliaji hajakitaja. Video ya dakika kumi itakuchukua dakika arobaini, na inatosha kwa siku mbili. Kesho yake usiitazame tena kwanza; andika hatua zote kutoka kichwani, ndipo uirudie uone ulipokosea. Kujikumbusha bila kuangalia ndiko kunakokaza maarifa, kuliko kusoma tena na tena kile kile.

Chagua video zako kwa uangalifu. Nyingi zimepakiwa na hodari anayetaka uone siku yake nzuri: kidole tumbo kisichoshikamana na chochote, mgonjwa mwembamba, vifaa vya upasuaji wa matundu madogo vinavyong'aa. Pale damu ilipotibuka pamekatwa. Wewe utakwenda kufanya kazi hospitali ya wilaya ambako tumbo linafunguliwa kwa mkato wa kawaida na taa moja imeungua. Tafuta za upasuaji wa wazi, tafuta za vyuo na vyama vya madaktari, na uanze na zile tatu ambazo kamisheni ya Lancet ilizichagua kuwa kipimo cha hospitali kamili: upasuaji wa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Ukizijua hizo vizuri kwa macho, umeshapata msingi.

Halafu mikono, na hapa ndipo nataka ukae sana.

Anza na fundo, usianze na sindano. Chukua kamba mbili za viatu za rangi tofauti, ziunganishe, zizungushe kwenye mguu wa kiti. Funga. Rangi zitakuonyesha kama fundo limelala bapa, kila kamba ikirudi upande ilikotokea, au limejipinda. Lililojipinda ndilo lile la msichana wangu wa 2020. Kwa macho ya haraka yanafanana, lakini chini ya mvuto moja linakaza na jingine linateleza. Funga hamsini kwa mkono wa kulia na hamsini kwa wa kushoto, kila siku, huku unasikiliza redio ukipenda. Baada ya wiki hamia kwenye uzi wa cherehani uliolowa maji na mafuta kidogo, kwa sababu uzi wa thieta huwa na damu. Kisha toboa kikombe chepesi cha plastiki, pitisha uzi, ukifunge kikiwa juu ya meza. Kikinyanyuka, jua kwamba kwa mgonjwa ungekuwa umeng'oa mshipa wa damu. Mwisho, funga ndani ya kopo refu la maziwa, kidole cha shahada kikisukuma fundo hadi chini, maana mishipa inayotoa damu mara nyingi iko shimoni.

Kwa kushona, nenda hospitali iliyo karibu nawe, jitambulishe kwa muuguzi mkuu wa thieta, umwombe nyuzi zilizopita muda. Karibu kila thieta huwa nazo, na wauguzi wa thieta ni walimu wakarimu mno ukiwaheshimu. Wengi wao wamewafundisha mabingwa kushika mkasi. Vifaa viwili vinakutosha: kishikio cha sindano na koleo dogo lenye meno. Ngozi ya paja la kuku ni nzuri, ngozi ya mguu wa mbuzi kutoka machinjioni ni ngumu na inafundisha kuzungusha kifundo cha mkono badala ya kusukuma. Ganda la ndizi mbivu linafundisha upole: ukikaza kupita kiasi linachanika, kama ngozi ya bibi wa miaka themanini. Sindano zihesabiwe kabla na baada, ziishie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, na nyama ya mazoezi isirudi jikoni.

Usifanye yote Jumamosi moja. Toronto walilipima hili mwaka 2006: madaktari 38 waliokuwa wanaanza mafunzo ya upasuaji walifundishwa kuunganisha mishipa midogo ya damu, wengine vipindi vinne siku moja, wengine vipindi hivyo hivyo vinne vikitenganishwa na wiki. Mwezi mmoja baadaye waliotenganishiwa walikuwa bora waziwazi. Muda wa mazoezi ulikuwa sawa. Kilichozidi ni usiku walizolala katikati. Wewe una wiki sita. Kwa hili peke yake, kukaa nyumbani kumekupa nafasi ambayo mwenzako wa wodini, anayeamka saa kumi alfajiri kuchukua damu za wagonjwa, hana.

Sasa video yako. Simamisha simu juu ya vitabu, ielekee mikono tu, dakika mbili, ubora wa chini. Mtumie mtu mmoja: mhadhiri, daktari tarajali aliyekutangulia, hata yule muuguzi. Usimwulize "vipi, nimefanya vizuri?" kwa sababu atakujibu "safi sana" na umemaliza bando bure. Muulize kitu kimoja: sindano yangu inaingia wima kwenye ngozi au inalala? Wiki inayofuata: umbali wa kutoboa unalingana pande zote mbili? Inayofuata: kingo zimegusana au nimezikaba? Ujumbe wa sauti wa sekunde thelathini unatosha kukurekebisha. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2007 kwamba wanafunzi wa udaktari waliofundishwa kushona na kufunga fundo kwa video waliweza kufikia kiwango cha walioelekezwa na mtaalamu, kwa hiyo usiidharau njia hii. Ila ujue kwamba ukikosea peke yako mara elfu moja, utakuwa umejifunza kukosea vizuri, na kulifuta kosa hilo thietani kutachukua muda mrefu kuliko ungekuja mkono mtupu.

Wahadhiri wenzangu mnaosoma hili, nisikieni. Darasa la Zoom lenye viboksi themanini vyeusi na sauti ya mtu mmoja ni redio ya gharama kubwa. Kama tuna saa mbili kwa wiki kwa kundi hili, saa moja na nusu iwe ya kutazama mikono na kusikiliza majibu. Mhadhara urekodiwe dakika kumi na mbili kwa sauti tupu, wapakue usiku bando likiwa rahisi.

Kuhusu kichwa, njia ninayoiamini kuliko zote ni ya zamani na haihitaji hata picha. Kila Jumatatu asubuhi natuma kwenye kundi mgonjwa mmoja wa kutunga, kwa vipande. Kipande cha kwanza: mwanamume wa miaka 58, mkulima, tumbo limemjaa siku tatu, hajapata choo wala kutoa upepo, anasema iliwahi kumtokea mwaka jana ikaisha yenyewe. Kila mmoja anaandika anawaza nini na angeuliza nini, kabla ya saa mbili usiku, na hakuna anayeruhusiwa kusema "nakubaliana na mwenzangu". Jumanne natuma uchunguzi: tumbo kubwa, linalia kama ngoma ukiligonga, halina maumivu makali ukilibonyeza, njia ya haja kubwa tupu. Jumatano natoa eksirei kwa maneno: utumbo mmoja uliotanuka sana, umejikunja, unafanana na mbegu ya kahawa. Hapo wengi wanaandika "utumbo mpana umejisokota", na wako sahihi; ugonjwa huu tunauona sana ukanda wetu. Alhamisi ndipo penye somo lenyewe: una chumba cha upasuaji kimoja, kinatumika kwa mama anayejifungua. Unafanya nini katika saa mbili zijazo? Anayesema "nampeleka thieta" nampa kazi ya kunishawishi. Anayesema ataanza maji ya mshipani, mrija wa puani, kisha kumpitishia bomba kwa njia ya haja kubwa ili upepo utoke kwa sababu hakuna dalili kwamba utumbo umekufa, huyo namwongezea: nimepitisha bomba, na majimaji yaliyotoka ni meusi yenye damu. Sasa je? Sasa kila kitu kimebadilika, utumbo huenda umeshakufa, tumbo lazima lifunguliwe, na huna tena saa mbili.

Kama chuo chako hakifanyi hivi, fanyeni ninyi wenyewe. Watu watano wanatosha. Mmoja anaandaa mgonjwa, wanne wanajibu, mnabadilishana kila wiki. Kila jibu liwe la maandishi na litolewe kabla mwandaaji hajaonyesha kipande kinachofuata, maana thamani yote iko katika kujifunga kwa uamuzi ukiwa hujui mwisho.

Lipo jambo ambalo kukaa nyumbani kunalifundisha kuliko chuo, na sijamsikia mtu akilitaja. Umesoma upasuaji wote kwa Kiingereza. Mgonjwa wako atakuwa Mfipa, Msukuma, Mgogo, na mtakutana kwenye Kiswahili. Kaa na bibi yako au mama mdogo jioni, umweleze ngiri ni nini, kwa nini ipasuliwe kabla haijakwama, atapigwa ganzi ya mgongo au nusukaputi, ataweza kubeba ndoo lini. Kisha mwambie akurudishie maneno yako kwa namna alivyoelewa. Utagundua mambo. Utagundua kwamba "ngiri" kwa watu wengi ni jina la maumivu ya kila aina chini ya kitovu, mpaka nguvu za kiume, kwa hiyo lazima umwombe mtu akuonyeshe kwa kidole. Utagundua kwamba "chango" ya mmoja si "chango" ya mwingine. Utagundua kwamba neno nusukaputi linatisha, kwa sababu masikioni mwa wengi ni kifo cha nusu, na kwamba ukisema "daktari wa usingizi atakaa kichwani kwako muda wote, hatoki mpaka uamke", bega linashuka. Mgonjwa akisaini karatasi ya ridhaa bila kuelewa, saini hiyo haina kitu ndani. Wiki sita za mazoezi haya zitakutanguliza mbele ya wengi walioanza na wodi.

Fanya pia orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani mpaka uiseme bila karatasi. Ina vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya mkato, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ilikuwa Ifakara, Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mnaweza kuigiza kwa simu, mmoja daktari wa upasuaji, mmoja wa usingizi, mmoja muuguzi, na mmoja apewe siri ya kutaja upande usio sahihi wa mguu ili muone nani atathubutu kumsimamisha. Wanafunzi wapole wanapatia sauti hapo.

Sasa yale ambayo sitakudanganya. Tumbo lililokaza kama ubao, hata uandikiwe kurasa kumi, utalijua siku kiganja chako kitakapolala juu yake. Hali kadhalika uvimbe uliogandana na mfupa na ule unaoteleza chini ya vidole, harufu ya kidonda cha kisukari kinachooza, joto la damu inayokujia mpaka kwenye kifundo cha mkono, na uso wa mama anayekukabidhi mtoto mlangoni mwa thieta. Pia kuna kusimama saa tatu bila kujikuna, jambo dogo linaloangusha wengi siku ya kwanza, wengine kwa maana halisi ya kuanguka. Hayo yote yana wiki zako sita za pili, na ndiyo maana hupaswi kuzitumia wiki hizo kujifunza majina ya vifaa. Ingia ukiwa umemaliza yanayowezekana nje. Na chuo kikikuambia kwamba wiki za mtandao zinajaza idadi ya wagonjwa kwenye kitabu chako cha kumbukumbu, ulizeni kwa heshima, kwa maandishi, kupitia kiongozi wa darasa. Mgonjwa wa kwenye skrini hajahesabika.

Neno moja la tahadhari kuhusu simu. Utakapofika wodini utajaribiwa kumpiga picha mgonjwa ili uwatumie wenzako walioko nyumbani. Usifanye hivyo bila ridhaa yake na bila kibali cha hospitali, hata kama umeficha uso. Jeraha, tatuu au jina kwenye faili vinamtaja mtu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata zisingekuwepo, mtu huyo alikuvulia nguo ili apone.

Kwa bando lako, mgawo wangu ungekuwa huu: video za operesheni mbili tu kwa wiki, zipakuliwe mara moja na kutunzwa, kipande cha mgonjwa wa maandishi kila siku, ambacho hakili bando, video yako moja ya mikono kila Jumapili, na kipindi kimoja cha moja kwa moja na mwalimu, mkiwa tayari na maswali. Umeme ukikatika, kamba za viatu hazihitaji chaji.

Na siku ya kwanza ukiingia thieta, fika kabla ya mgonjwa. Mwambie muuguzi jina lako na saizi ya glovu zako, uliandike ubaoni. Mwambie daktari wa upasuaji sentensi moja: "Nimefanya mazoezi ya fundo kwa mikono yote miwili wiki sita, naomba nikate uzi leo, na ukiona ninafaa nifunge mshono mmoja wa ngozi." Wengi wetu tukisikia hivyo tunasogea kidogo pembeni. Kabla tumbo halijafungwa, omba uingize mkono uliovaa glovu, uguse ini, uguse utumbo unavyoteleza, uusikie mshipa mkubwa wa damu ukipiga mbele ya uti wa mgongo. Halafu rudi nyuma umsaidie muuguzi kuhesabu gauzi.